Mufuko wa koltani uko na namba. Mwenye kuuchimba je?

Siku ya tatu tarehe 28 Januari 2026, mulima ulianguka juu ya watu ku machimbo ya Rubaya, teritware ya Masisi. Siku ya tano, musemaji wa gavana aliyewekwa na AFC/M23 aliambia waandishi wa habari kwamba waliokufa ni zaidi ya 200: wachimbaji, watoto, na wamama waliokuwa wanauzisha soko pale pale. Hesabu ile ilizunguka dunia haraka, sababu Rubaya peke yake inatoa karibu 15 kwa mia ya koltani yote ya dunia, na watu wa mbali wanaogopea simu zao.

Lakini 200 si jina. Mama mwenye iko Njingala, ambaye kijana wake alikuwa amehamia Rubaya kutafuta franga, hesabu ile haikumujibu kitu. Atauliza nani? Ataanzia wapi? Na kama kijana hakufa, ila alikimbilia Minova, Bukavu ao Uganda, ni nani atamuambia?

Swali hili linatupeleka ku jambo ambalo watu wa machimbo hatulizungumuzi sana: rezo za kimataifa zenye kazi ya kukusanya na kugawanya habari za watu wanaohama. Ziko, na zinafanya kazi hapa kwetu. Moto za maajenti wao tunaziona zikipita. Tumezipima kwa kipimo kimoja tu: habari ikitoka kwetu, inarudia kwetu?

Wanaohesabu

Rezo ya kwanza ni ya OIM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Kazi yao ya kuhesabu watu waliohama wanaiita DTM. Ilianzia Irak mwaka 2004, na leo iko katika inchi zaidi ya 80. Namna inavyofanywa ni hii: ajenti anafika kijijini ao mu kartie, anatafuta watu wanaojua mahali: shefa, munganga wa sante, rais wa komite ya waliokimbia, pasta. Anawauliza: familia ngapi zimefika? Zimetoka wapi? Zilikimbia nini? Zinalala kwa watu ao mu kambi? Ngapi zimerudia kwao? Hapiti nyumba kwa nyumba. Majibu yanaingizwa mu simu, yanatumwa, yanalinganishwa na ya vijiji vingine, na mwishowe yanakuwa karte za rangi na hesabu ya inchi nzima.

Si kazi ya muchezo. Mwisho wa Oktoba 2023, ni kwa njia hiyo OIM ilitangaza kwamba watu waliokimbia makwao ndani ya Kongo wamefika milioni 6,9, hesabu kubwa kupita zote ilizokuwa imeandika hapa mpaka wakati ule. Kati yao, karibu milioni 4,8 walikuwa wanakaa ndani ya familia za watu, si mu kambi. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya maana sana kwetu. Mutu wa Ulaya akisikia mukimbizi, anaona bashi nyeupe na mulolongo wa bidoni. Kumbe muzigo mukubwa uko juu ya mama wa Nyabiondo ao wa Kashebere, mwenye kupokea familia mbili zaidi ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Sisi tulijua hivyo tangu zamani, lakini kujua bila hesabu hakumufikishi mutu popote mbele ya wenye kutoa misaada.

Hesabu hizo ndizo zinaangaliwa wakati wa kupanga chakula, dawa na bashi. Kijiji kisichohesabiwa ni shida kukipangia kitu. Kwa hiyo yule ajenti wa moto, mukimuona, musimufukuze.

Sasa tuseme kasoro. Hesabu ya namna hii inategemea kwamba kuna mutu anayejua ni nani amefika. Shefa anajua familia: baba, mama, watoto, godoro juu ya kichwa. Muchimbaji anafika peke yake, pengine usiku, na mufuko mudogo na tochi ya kichwa. Analala mu kambi ya machimbo, anaitwa kwa jina la utani, na kisha miezi mitatu amesikia kwamba kuna mahali pengine panatoa vizuri, ameenda. Huyu ni mukimbizi ao ni mutafuta kazi? Wengi ni vyote viwili. Mutu aliyetoka Rubaya juu ya masasi, akaingia machimbo ya Walikale ao ya Shabunda, kwa macho ya wenyeji amekuja kutafuta franga tu. Swali likiwa "familia ngapi zimefika", yeye si familia. Bibi yake na watoto wanaweza kuwa waliandikwa Bulengo, naye hayuko mahali popote.

Tena kuna umbali. Teritware ya Masisi ina kilometa za mraba 4.734, na vijiji vyake vingi vinaonana mulima kwa mulima. Walikale ina 23.475, karibu mara tano, na sehemu kubwa ni pori. Mbele kampuni ya Alphamin haijafungua barabara yake, Bisie yenyewe, na kasiteriti yake yote, watu waliifikia kwa miguu ndani ya pori kutoka Njingala, migongo chini ya mizigo. Machimbo mengine ya zahabu na kasiteriti yangali hivyo mpaka leo. Hesabu inakuwa nzuri mahali moto inafika.

Na vita haimungojei ajenti. M23 ilishika Rubaya mwisho wa Aprili 2024, Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma mwisho wa mwezi ule ule. Februari, watu waliokuwa mu kambi za kandokando ya Goma waliambiwa watoke ndani ya saa 72, na kambi zikavunjwa. Tuwaze kidogo maana yake kwa rezo ya habari: liste zote za kambi zilizotengenezwa tangu miaka miwili, nani yuko bloki gani, nani ni mujane, nani ana mutoto mugonjwa, zikawa karatasi ya kuwashia moto. Kisha tarehe 19 Machi, Walikale-centre nayo ikashikwa. Siku chache mbele ya pale Alphamin ilikuwa imesimamisha kazi Bisie. M23 ilitoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, na mugodi ukaanza tena. Lakini mu wiki zile mbili mji ulibakia karibu mutupu, watu wakaingia pori. Hakuna ajenti wa hesabu anayefuata mutu porini, wala hatuwezi kumuomba afanye vile. Juu ya hayo yote, tangu tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka 2024 ni yenyewe ililipia karibu 70 kwa mia ya misaada ya dharura hapa Kongo. Moto bila esansi haihesabu mutu.

Lakini kasoro inayotuuma zaidi si hizo. Ni kwamba habari inaenda, hairudi. Ripoti za DTM zinawekwa wazi ku intaneti, kwa Kifaransa ao Kiingereza. Munganga wa sante aliyeacha wagonjwa ili ajibu maswali, mara nyingi haoni kilichotoka humo. Shefa hajui kama hesabu yake ilikubaliwa ao ilipunguzwa. Kijiji kinaulizwa leo, kinaulizwa tena kisha miezi, na watu wanaanza kusema: hawa wanauzisha majina yetu. Hapo wanakosea, sababu hesabu ile ya vijiji haichukui majina ya waliokimbia. Lakini anayewaacha wawaze vile ni yule asiyerudi kuwaeleza.

Na tuelewane juu ya hilo la majina. Ukimuuliza ajenti wa DTM, "mutoto wangu iko wapi?", atakosa jibu, hata kama mutoto yuko ndani ya hesabu aliyoandika asubuhi. Rezo hii inaona mulolongo wa watu, haioni mutu. Iliundwa hivyo, na kuidai kitu ambacho haikuundiwa ni kupoteza wakati.

Wanaotafuta

Rezo inayoona mutu ni nyingine, na ni ya zamani zaidi: ile ya Croix-Rouge. Ilianza mwaka 1870 katika mji wa Bâle, Uswisi, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prusia. Mwaka 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, CICR ilifungua ofisi Genève ya kutafuta wafungwa wa vita. Watu wa kujitolea waliandika fishi kwa mukono, na vita ilipoisha zilikuwa milioni 7. Kwa hapa kwetu, wakubwa wanakumbuka 1994 na miaka iliyofuata: watoto zaidi ya 100.000 waliopotezana na wazazi, Rwanda na inchi jirani, waliandikwa jina kwa jina, na picha zao zikaonyeshwa ili mutu amutambue wake.

Leo inafanya kazi hivi. Karibu kila inchi iko na Croix-Rouge yake, na zote zinaungana na CICR. Unaenda kwa muvolontere ao ofisini, unaandika mesaji: karatasi moja, wazi, isiyofungwa. Ndani yake ni habari za familia tu. Niko muzima, mama alifariki, mutoto alizaliwa, tuko mahali fulani. Hakuna habari ya vita, hakuna siasa, hakuna mambo ya askari, sababu inasomwa mbele ya kutumwa, na ikiwa na mambo hayo haiendi. Mwenye kuipokea naye anajibu, na jibu linarudia kwako. Kama hujui mutu yuko wapi, wanafungua dosie ya kumutafuta. Mu kambi nyingi za wakimbizi kuna simu ya bure ya kusalimia ndugu. Vyote hivi ni bure. Tunarudia: bure.

Nguvu yake ni kwamba inavuka. Mesaji iliyoandikwa Masisi inaweza kufika Rwamwanja, Uganda, kambi iliyofunguliwa tena mwaka 2012 juu ya Wakongo, kwa mikono ya Croix-Rouge ya Uganda. Inaweza kuingia gereza. Inaweza kutoka upande wa M23 kwenda upande wa serikali na kurudi, mahali ambapo hata gari ya mbogamboga inakwama ku bariere. Mwisho wa Aprili 2025, ni CICR iliyosindikiza kutoka Goma mpaka Kinshasa mamia ya askari na polisi wa Kongo waliokuwa wamenyanganywa silaha na kukwama Goma. Pande zote mbili ziliikubali kwa kazi ile. Watu wenye kukubaliwa namna hiyo hapa Kivu hawajai hata mukono.

Kwa kipimo chetu basi, hii inapita ya kwanza: habari inarudia. Lakini inarudia polepole, na inarudia kwa mutu aliyeuliza peke yake. Mavolontere ni watu kama sisi, wanatembea kwa miguu, nao wanakimbia vita inapofika. Na mchimbaji hapendi ofisi. Anaona karatasi na muhuri, anawaza taksi.

Kisha kuna shida ya jina, na hapa tusimame kidogo, sababu ndiyo inaharibu dosie za watu wetu. Ku machimbo mutu anaweza kukaa miaka mitano bila mutu kujua jina lake la batisimo. PDG wa shimo anamuita Dola, wenzake wanamuita Komando, mama restora anamuita Baba Furaha. Nyumbani ni Bahati. Ba-Bahati ni wangapi kati ya Sake na Mubi? Mama akitoa jina la nyumbani peke yake, na muvolontere akiuliza ku machimbo kwa jina lile, jibu litakuwa moja tu: hapa hakuna huyo. Na Komando amesimama hapo hapo anakunywa chai.

Kwa hiyo mwenye kufungua dosie aende na vitu hivi: majina yote ya mutu, jina la baba yake na la mama yake, kijiji na grupema alipozaliwa, mwaka hata wa kukisia, na jina la utani, hata kama linaleta haya. Aseme siku na mahali walipoonana ao waliposikilizana mara ya mwisho. Aseme machimbo gani, shimo la nani, alikuwa anafanya nini mle, kuchimba ao kubeba ao kuosha. Kidonda cha zamani, jino lililokatika, kimo. Vile ndivyo vinamutofautisha Bahati na Bahati.

Siri

Kuna watu watauliza: na majina hayo yote yakienda mikononi mwa wabaya? Wana haki ya kuuliza. Kwetu jina la mutu linasema kabila lake, na kuna siku kabila linatosha kumuua mutu ku bariere. Na jambo lilishafanyika: Januari 2022, CICR yenyewe ilitangaza kwamba watu wasiojulikana waliingia kwa wizi ndani ya mashini zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515.000, wengi wao waliopotezana na familia juu ya vita, uhamiaji ao misiba, zilizokusanywa na Croix-Rouge za inchi zisizopunguka 60. Kazi ya kutafuta ikasimama kwa muda ili mashini zisafishwe. Tunaona mambo mawili mule. Moja, hakuna sanduku lisilovunjika, hata la Genève. La pili, walisema wenyewe, kwa sauti, wakaanza kuwatafuta wenye habari ili wawaambie. Hapa kwetu tumezoea ofisi ambazo zikipoteza dosie yako zinakuambia urudi kesho.

Kitu kingine ambacho familia nyingi hazijui: mutu akipatikana, wanamuuliza kwanza kama anakubali ndugu zake wajue mahali aliko. Akikataa, hawasemi. Kwa mwanamuke aliyekimbia bwana mwenye kumupiga, ao kijana aliyetoroka kundi la silaha, kanuni hiyo ni uzima. Kwa mama anayengojea ni uchungu. Sisi tunaona kanuni ni sawa.

Na rezo yetu wenyewe?

Tusiseme za wazungu tu. Yetu iko: motari wa mustari wa Sake na Masisi, negosya mwenye kupita machimbo yote, mama wa soko, ajenti wa kutuma franga ku simu, foni, Radio Okapi tangu Februari 2002 na radio ndogo za vijijini. Habari ya shimo kuanguka inafika Goma mbele hata udongo haujatulia. Inaenda na kurudi siku ile ile, kwa Kiswahili. Shida yake ni uongo. Mutu amezikwa mara tatu kwa simu na bado anachimba. Halafu kuna wakora: wanapiga simu kwa familia, "mutoto wenu iko hospitali, tuma franga ya operasyo". Ukipokea simu kama hiyo, uliza jina la munganga mukubwa na ward, kisha piga wewe mwenyewe kwa mutu mwingine aliye karibu na hospitali ile. Usitume mbele ya kufanya vile.

Kinachotushangaza ni hiki. Miaka mingi, Rubaya kama Bisie, mufuko wa madini ulifungwa tagi ya ITSCI yenye namba. Ajenti wa serikali anaandika mu buku ku machimbo, anaandika tena kwa negosya, kontware ya Goma inaandika, na namba inasafiri mpaka kwenye viwanda vya kuyeyusha madini, Asia. Wakitaka kujua mufuko ulitoka mulima gani, wanafungua buku. Kwa hiyo kufuata kitu kutoka ndani ya shimo mpaka mwisho wa dunia kunawezekana, na kumelipiwa. Ni mutu aliyeingia shimo ndiye hana buku.

Sheria haikosi. Kode ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inasema muchimbaji awe na karte, ya mwaka mumoja, na awe ndani ya koperative inayokubaliwa. Karte ina jina. Kama koperative na ma-PDG wangeshika kaye ya kawaida, kila asubuhi nani ameingia na nani ametoka, ile siku ya tatu ya Januari mama wa Njingala angepata jibu mangaribi. Tunajua hatari: kaye ikianguka kwa mwenye bunduki, inakuwa liste ya kutozea taksi ao ya kusaka watu. Basi ndani yake viandikwe vitatu tu, jina, jina la utani, na namba ya simu ya ndugu mumoja. Kabila lisiandikwe. Na kaye isilale ku machimbo. Ilale kwa mutu ambaye wachimbaji wenyewe wamemuchagua.

Kwa OIM tunaomba kitu kidogo: kila hesabu ikitoka, isomwe kwa Kiswahili ku radio za Masisi na Walikale, kijiji kwa kijiji, ili shefa asikie namba yake na aseme kama ni ya kweli. Na maajenti waulize swali moja zaidi: ku machimbo yenu, vijana wangapi wamefika peke yao juu ya vita? Kwa Croix-Rouge, mavolontere waende ku machimbo siku ya Mungu, wakati mashimo yanapumzika na watu wako mu kambi, na wamama wa restora wawe wa kwanza kuulizwa, sababu ndio wanajua nani hakuja kulipa deni lake.

Kwa familia zinazotafuta mutu tangu Rubaya, ao tangu kambi zilipovunjwa: nendeni ofisi ya Croix-Rouge iliyo karibu, ao muulize ku santre ya sante ni nani muvolontere wa pale. Hakuna mutu wa kulipa. Acheni namba mbili za simu, yako na ya jirani, na ukihama ao ukibadilisha namba, rudia uwaambie. Jibu linaweza kufika kisha mwaka mumoja, na likakosa mutu wa kulipokea.